Kumdai Afisa Aliyekuvunjia Haki Marekani: Sheria ya Shirikisho au Sheria ya Jimbo?

Mtu anayeishi Marekani akivamiwa nyumbani na polisi wasio na hati ya upekuzi, akafungwa pingu mbele ya wanawe kwa kosa la mtu mwingine ambaye majina yao yamefanana, huuliza swali moja tu: je, naweza kuwadai? Jibu ni kwamba anaweza. Swali gumu ni lile ambalo wakili mzuri humuuliza kabla hajashika kalamu, kwamba atawadai kwa sheria ipi. Kila mkazi wa nchi ile yuko chini ya katiba mbili kwa wakati mmoja, ya shirikisho na ya jimbo lake, na kila moja ina orodha yake ya haki, mahakama zake, na njia yake ya kumlipisha afisa au mwajiri wake. Nimewatafsiria watu fomu za mahakama kwa miaka kadhaa, wengi wao Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi, na wengi niliowaona wakipoteza madai ya kweli waliyapoteza kwa kushika njia isiyowafaa, au kwa kushika inayowafaa wakiwa wamechelewa.

Njia zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni Kifungu cha 1983 cha sheria ya shirikisho, kinachotumika katika majimbo yote 50. Ya pili ni sheria ya jimbo, ambayo haina sura moja: kuna majimbo yaliyotunga sheria maalumu ya haki za kiraia, kuna ambayo majaji wake wameruhusu fidia moja kwa moja kutoka kwenye katiba ya jimbo, na kuna ambayo yamefunga mlango kabisa. Kwa hiyo ulinganisho huu hauwezi kumpa mtu wa Kentucky jibu lile lile analopewa mtu wa New Mexico.

Kifungu cha 1983 na asili yake

Namba hiyo huwachanganya wengi wanaodhani ni mwaka. Sheria ilitungwa Aprili 1871, wakati wa Rais Ulysses S. Grant, ili kuwalinda Weusi wa Kusini waliokuwa wametoka utumwani dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, na dhidi ya masherifu waliolifumbia macho kundi hilo. 1983 ni namba ya kifungu tu. Kwa maneno machache, kinasema kwamba mtu yeyote ambaye, akitumia mamlaka ya jimbo, anamnyima mwingine haki aliyopewa na Katiba ya Marekani atawajibika kwake. Kinamlinda raia na pia mtu mwingine yeyote aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo, kwa hiyo asiye na uraia naye anaweza kukitumia, jambo ambalo nimelazimika kulirudia mara nyingi kwa watu wanaoamini kwamba haki ya kudai huja na pasipoti.

Kwa takriban miaka 90 kifungu hicho kilikuwa kama kimelala. Kiliamshwa na kesi ya Monroe dhidi ya Pape, iliyoamuliwa mwaka 1961. Wadai walieleza kwamba askari 13 wa Chicago walivunja mlango wao alfajiri, wakawatoa kitandani na kuwasimamisha uchi sebuleni, wakamwaga vitu vilivyokuwa kwenye droo na kuchana foronya za magodoro, kisha wakamchukua baba na kumweka kituoni kwa saa 10. Wadaiwa walijitetea kwamba askari waliokiuka sheria ya jimbo lao hawawezi kusemwa kuwa wametumia mamlaka ya jimbo, na kwamba familia ilipaswa kwenda kwanza katika mahakama za Illinois. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja zote mbili: mwenye beji anayevunja sheria bado ameivaa beji, na mdai halazimiki kujaribu kwanza njia ya jimbo.

Nguvu za njia hii zimetokana na hapo. Inamfikia polisi, askari magereza, mwalimu wa shule ya umma, ofisa wa ustawi wa jamii anayemchukua mtoto bila utaratibu. Tangu 1976 mdai anayeshinda anaweza kuomba mahakama imwamuru mshindwa alipe wakili wake, na bila kipengele hicho mawakili wengi wasingezigusa kesi ambazo fidia yake ni ndogo. Dhidi ya afisa mwenyewe, baraza la raia wanaoamua kesi linaweza pia kutoa fidia ya adhabu, yaani fedha za ziada za kumwadhibu mkosaji.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Mwaka 1978, katika kesi ya Monell, Mahakama ya Juu ilisema mji unaweza kudaiwa, lakini kwa sera yake au desturi yake tu. Haubebi kosa la askari kwa sababu tu ni mwajiri wake. Na mwaka 1989 ikasema kwamba jimbo lenyewe na idara zake hazihesabiki kuwa “mtu” anayeweza kudaiwa fidia kwa kifungu hiki. Anayebaki mbele yako, mara nyingi, ni afisa peke yake, na afisa huyo ana ngao.

Ngao ya afisa

Sehemu hii naieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowatenganisha wanaochagua njia ya shirikisho na wanaochagua ya jimbo kuliko nyingine yoyote.

Ngao hiyo ni kinga yenye masharti. Haimo katika maneno ya sheria ya 1871; iliundwa na majaji, na sura yake ya leo ilitokana na kesi ya Harlow dhidi ya Fitzgerald ya mwaka 1982. Afisa hatalipa, hata kama alivunja Katiba, isipokuwa kama haki aliyoivunja ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi wakati wa tukio. Kwa vitendo, hilo humlazimisha mdai kutafuta hukumu ya zamani yenye mazingira yanayokaribiana sana na yake. Tangu 2009 majaji wanaruhusiwa kuanza na swali hilo la uwazi na kuiacha Katiba yenyewe bila kuijadili, hivyo jambo ambalo halikuwa wazi jana linaweza kubaki bila kuwa wazi kesho, na mdai wa tatu na wa nne wakagonga ukuta ule ule. Isitoshe, afisa akinyimwa kinga anaweza kukata rufaa papo hapo, kabla kesi haijasikilizwa, na mwaka mzima au zaidi ukapita watu wakisubiri.

Tazama kilichotokea Fresno, California. Mwaka 2013 polisi walipekua mali za wafanyabiashara wawili wakichunguza kamari haramu. Walipoondoka waliacha karatasi inayoonyesha kwamba wamechukua takriban dola 50,000. Wafanyabiashara hao walidai kwamba fedha taslimu zilizochukuliwa hasa zilikuwa dola 151,380, na kwamba pamoja nazo ziliondoka sarafu adimu za dola 125,000; tofauti, walisema, waliiba polisi. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa (mzunguko ni eneo la mahakama moja ya rufaa ya shirikisho), ambayo mwaka 2019 ilisema kwamba maafisa walipaswa kujua kuwa wizi kama huo ni kosa la kimaadili, ila wakati ule hapakuwa na hukumu iliyoweka wazi kwamba kuiba mali iliyokamatwa kwa hati halali kunavunja Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza upekuzi na ukamataji usio wa haki. Kinga ikawalinda. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza. Mzee mmoja niliyemsimulia kisa hiki aliniuliza kama nina hakika nimetafsiri sawasawa.

Upande wa majimbo, baadhi yameivunja ngao hiyo makusudi. Colorado ilitangulia Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis: sheria yake inamruhusu mtu kumdai askari polisi kwa kukiuka hati ya haki ya katiba ya jimbo, na inasema waziwazi kwamba kinga yenye masharti si utetezi. New Mexico ilifuata mwaka 2021 kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, na yenyewe haikuishia kwa polisi. Inagusa taasisi zote za umma na haki zote zilizomo katika hati ya haki ya jimbo. Jiji la New York mwaka huo huo lilitunga sheria yake ndogo kuhusu upekuzi usio halali na matumizi ya nguvu kupita kiasi. Nevada ilifika huko kwa mkono wa majaji: mwaka 2022, katika kesi ya mwanamke aliyevuliwa nguo na kupekuliwa alipokwenda kumtembelea mfungwa, Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema katiba ya Nevada inatoa haki ya fidia na kwamba kinga ya shirikisho haimo humo.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba “sheria ya jimbo” maana yake ni “bila kinga”. New Jersey ina sheria ya haki za kiraia ya mwaka 2004 iliyofuatisha Kifungu cha 1983, na mahakama zake zimeichukua kinga pamoja nayo. Massachusetts, yenye sheria ya 1979, nayo majaji wake waliiingiza kinga kwa njia ya tafsiri. Iowa ilikwenda kinyume kabisa cha Colorado: mwaka 2021 bunge lake liliiandika kinga hiyo ndani ya sheria ya jimbo.

Mlipaji ni nani

Fomu ya shirikisho kwa asiye na wakili inaitwa Pro Se 15. Kwa kila mdaiwa ina mstari wa jina, wa cheo na wa anwani, na chini yake visanduku viwili vya kutia alama: kwamba unamdai kwa nafsi yake, au kwa cheo chake. Hapo kalamu husimama. Kumdai kwa nafsi yake ni kumfuata yeye na mfuko wake, na ndipo kinga inapoingia. Kumdai kwa cheo chake ni sawa na kuidai ofisi, na ndipo kesi ya Monell inapoingia, ukahitaji kuthibitisha sera au desturi. Watu wengi hutia alama kote kuwili na kuendelea, na si vibaya, mradi wajue kwamba wamechukua mizigo miwili ya ushahidi.

Katika maisha halisi afisa halipi. Utafiti wa Joanna Schwartz wa chuo kikuu cha UCLA, uliochapishwa mwaka 2014, ulipitia idara kubwa za polisi na kukuta kwamba kati ya fedha zote walizolipwa wadai, maafisa walitoa mifukoni mwao takriban asilimia 0.02. Zilizobaki zilitoka hazina za miji na kaunti. Hoja ya kwamba kinga inawaokoa maafisa wasifilisike, kwa maoni yangu, inachechemea mbele ya takwimu hiyo.

New Mexico imeukubali ukweli huo na kuuandika. Kwa sheria yake, si afisa unayemdai. Unadai taasisi iliyomwajiri, iwe mji, kaunti, shule au idara ya jimbo, na si lazima uonyeshe sera yoyote, kwani kosa la mtumishi aliyekuwa kazini ni la taasisi. Badala yake umewekewa kikomo cha dola milioni 2, gharama za wakili zikiwa ndani yake, kiasi kinachorekebishwa kila mwaka kufuatana na gharama za maisha, na fidia ya adhabu haipo. Anayetaka jina la askari fulani lisomwe mahakamani hatalipata hapa, na nimewahi kukutana na watu ambao jina hilo walilitaka kuliko fedha.

Colorado imechagua kati na kati. Mwajiri hulipa hukumu, lakini akiamua kwamba askari hakutenda kwa nia njema wala kwa imani ya maana kwamba alikuwa ndani ya sheria, askari hubeba asilimia 5 ya hukumu au dola 25,000, kutegemea kipi ni kidogo. Akishindwa kulipa, mzigo humrudia mwajiri. Kwa anayelala hospitalini na bili zinaongezeka, mpango huu na ule wa New Mexico ni bora kuliko Kifungu cha 1983, kwa sababu sheria yenyewe imemtaja mwenye fedha kuwa mlipaji.

California nayo, kwa sheria ya Bane ya mwaka 1987, humfanya mwajiri wa umma awajibike kwa kosa la mtumishi wake, na kinga yenye masharti haitumiki. Ila sheria hiyo ina kizingiti chake: lazima haki iwe imeingiliwa kwa vitisho au shuruti, na katika kesi za nguvu kupita kiasi mahakama zimetaka ionekane kwamba afisa alikusudia kuivunja haki, si kwamba alikosea tu. Kosa la karani aliyeandika jina vibaya, hata likikuweka rumande wiki nzima, si rahisi kuingia humo.

Kalenda

Hapa njia ya jimbo, yenye huruma kwingineko, huwa kali. Serikali za majimbo mengi hazikubali kudaiwa mpaka zipewe taarifa ya maandishi mapema, na mahali pengi sharti hilo hugusa hata madai ya haki. California inataka taarifa ndani ya miezi 6 tangu tukio. Taasisi ina siku 45 za kujibu, na ikikataa kwa maandishi una miezi 6 ya kufungua kesi. New York, kwa madai mengi dhidi ya mji, inataka taarifa ndani ya siku 90, kisha kesi ndani ya mwaka 1 na siku 90. Arizona inatoa siku 180, na taarifa yenyewe lazima itaje kiasi kamili cha fedha ambacho mdai yuko tayari kupokea ili yaishe, pamoja na maelezo yanayokitetea kiasi hicho. Barua inayosema “nitakubali fidia inayostahili” imekwisha kufa kabla haijasomwa.

Msomaji aliyetoka Tanzania aangalie asijikwae. Kule, notisi ya siku 90 kwa Serikali ni muda wa kusubiri: unaitoa, unakaa siku 90, ndipo unafungua shauri, kwa hiyo hisia ya mtu ni kwamba siku hizo ni za Serikali kujipanga. New York siku 90 ni zako, zinahesabiwa tangu tukio, na zikiisha hujatoa taarifa umeshajifungia mlango, au umebaki kuomba ruhusa ya kuchelewa ambayo jaji anaweza kuikataa.

Kifungu cha 1983 hakina sharti la taarifa. Mwaka 1988, katika kesi ya Felder dhidi ya Casey iliyotoka Wisconsin, Mahakama ya Juu ilisema majimbo hayawezi kulipachika sharti lao hata pale kesi ya kifungu hicho inapofunguliwa katika mahakama ya jimbo. Muda wa ukomo wa kufungua kesi, hata hivyo, huazimwa kutoka sheria ya jimbo ya madai ya majeraha, hivyo hubadilika unapovuka mpaka: New York ni miaka 3, Texas 2, Kentucky na Tennessee mwaka 1 tu. Anayeishi Louisville, mji wenye Waswahili wengi siku hizi, na anayeishi New York wanatumia kifungu kile kile, lakini mmoja ana mara tatu ya muda wa mwenzake. New Mexico, kwa sheria yake mpya, imetoa miaka 3.

Mahakama utakayoketi

Ukiandika dai la shirikisho, hata ukilipeleka mahakama ya jimbo, mdaiwa ana siku 30 tangu apokee hati za kuihamishia kesi mahakama ya shirikisho, na mawakili wa miji hufanya hivyo karibu kila mara. Ukiandika dai la sheria ya jimbo peke yake, kwa kawaida kesi itabaki nyumbani. Huo ni uamuzi wenye uzito, kwa sababu baraza la raia katika mahakama ya shirikisho hukusanywa kutoka eneo pana linalochanganya jiji na vijiji vya mbali, na uamuzi wake katika kesi ya madai hutakiwa uwe wa wote. California, katika mahakama zake za jimbo, raia 9 kati ya 12 wanatosha. Anayedai kutoka mtaa ambao kila mtu anawajua polisi wake aifanye hesabu hiyo mapema.

Inawezekana pia kuyaunganisha madai yote mawili katika hati moja mbele ya jaji wa shirikisho, na mawakili wengi hufanya hivyo ili kama kinga ikilizima moja, jingine liendelee kuwaka. Yapo mambo mawili ya kuangalia. Jaji akilitupa dai la shirikisho anaweza kulirudisha la jimbo likaanze upya kwingine. Na tangu kesi ya Pennhurst ya mwaka 1984, mahakama ya shirikisho haiwezi kuwaamuru maafisa wa jimbo wafuate sheria ya jimbo lao wenyewe. Anayetafuta amri ya zuio kwa msingi wa katiba ya jimbo hana budi kwenda mahakama ya jimbo.

Pale jimbo lilipofunga mlango, na pale lilipofungua ambapo shirikisho halifiki

Texas iliamua mwaka 1995 kwamba katiba yake haitoi fidia ya fedha kwa haki iliyovunjwa. Unaweza kuomba amri ya kusimamisha kitendo, basi. Kentucky ilisema hivyo hivyo mwaka 2011. Iowa ni kisa cha kusikitisha zaidi: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifungua mlango, na Mei 2023 mahakama hiyo hiyo ikaufunga, ikifuta uamuzi wake wa miaka 6 nyuma. Kwa Wakongo wa Des Moines na Waterloo, kama kwa wenzao wa Houston na Louisville, ulinganisho huu ni mfupi: njia ya kudai fidia kwa haki ya kikatiba ni Kifungu cha 1983, na kandokando yake madai ya kawaida ya kupigwa au kuzuiliwa isivyo halali, yenye kinga zake nyingine.

Michigan inaonyesha upande wa pili. Kati ya 2013 na 2015 mfumo wa kompyuta wa idara ya mafao ya wasio na kazi uliwashutumu makumi ya maelfu ya watu kwa udanganyifu ambao wengi wao hawakuufanya, ukawakata fedha kabla hawajasikilizwa. Hapakuwa na askari wa kumshika, na idara ya jimbo, kama tulivyoona, si “mtu” kwa Kifungu cha 1983. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan, katika kesi ya Bauserman, iliamua kwamba waathirika wanaweza kulidai jimbo fidia kwa kukiuka haki ya utaratibu wa sheria iliyomo katika katiba ya jimbo. Dai hilo lisingewezekana kwa njia ya shirikisho.

Afisa akiwa wa shirikisho

Yote yaliyotangulia yanahusu maafisa wa majimbo na miji. Ofisa wa uhamiaji au wa FBI hashikwi na Kifungu cha 1983. Kesi ya Bivens ya mwaka 1971 iliruhusu fidia dhidi ya maafisa wa shirikisho, lakini Mahakama ya Juu imeipunguza mwaka hadi mwaka, na baada ya Egbert dhidi ya Boule ya mwaka 2022 sioni wakili anayeweza kumtia mteja moyo kwa njia hiyo. Inayobaki kwa kawaida ni kuidai Serikali yenyewe kwa sheria ya 1946 ya madai ya majeraha, ambayo huanza kwa fomu namba 95 kupelekwa kwa idara husika ndani ya miaka 2. Baadhi ya majimbo yanajaribu kuliziba pengo hili kwa sheria zao. Illinois ilitunga ya namna hiyo mwaka 2025 kwa shughuli za uhamiaji, na Serikali ya shirikisho ikaipinga mahakamani. Kwa hiyo swali la kwanza usiku ule wa tukio ni maandishi yaliyo mgongoni mwa koti la afisa, maana yanaamua sehemu kubwa ya yanayofuata.

Ningechagua vipi

Ningekuwa New Mexico, ningeanza na sheria ya jimbo, na ningeiongeza ya shirikisho pale tu ambapo madhara yamepita kikomo cha dola milioni 2 au mdai anataka fidia ya adhabu dhidi ya afisa mwenyewe. Colorado, kwa kosa la polisi, ningefanya hivyo hivyo. Kwa kosa la mwalimu au la mtu wa ustawi wa jamii ningerudi kwenye Kifungu cha 1983, kwa kuwa sheria ya Colorado inahusu askari tu. California ningetoa taarifa ya miezi 6 hata kama sijaamua lolote, kwa kuwa kuitoa hakunifungi na kutoitoa kunanifunga, kisha ningeyabeba madai yote mawili. New York vivyo hivyo, ila kwa mbio zaidi. Texas, Kentucky na Iowa ningetafuta wakili anayejua kuipasua kinga, na nguvu zangu zote ningezielekeza kwenye kutafuta hukumu ya zamani inayofanana na kisa changu, katika mzunguko ule ule wa rufaa.

Linabaki jambo moja linaloweza kuziua njia zote mbili kwa pamoja, nalo hutokea mbali na mahakama ya madai. Aliyepigwa na polisi mara nyingi hushtakiwa yeye kwanza, kwa kukataa kukamatwa au kwa fujo. Akikiri kosa ili yaishe, kesi ya Heck dhidi ya Humphrey ya mwaka 1994 inaweza kumzuia asidai lolote la shirikisho litakaloonyesha kwamba hukumu ile haikuwa sahihi, na mahakama za majimbo mengine, California ikiwemo, zina kizuizi kinachofanana nacho. Mwendesha mashtaka pia anaweza kumpa karatasi nyingine: mashtaka yafutwe, naye aahidi kutomdai mtu yeyote. Tangu mwaka 1987 Mahakama ya Juu imesema ahadi kama hiyo inaweza kuwa halali ikiwa ilitolewa kwa hiari. Huwa ni ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, unaoletwa koridoni dakika chache kabla ya jaji kuingia, na mkalimani aliyepo ni wa kesi ya jinai, si wa madai. Karatasi hiyo isitiwe saini kabla wakili wa madai hajaiona, hata kama ni kwa simu.